Kusasisha na Kupandisha Toleo: Vitenzi vya Programu Huria katika Kiswahili

Suala la istilahi za tarakilishi limejadiliwa kwa mapana na wapenzi wa Kiswahili, ila mjadala huo aghalabu huishia kwenye nomino: je, chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Vitenzi vimepuuzwa, ilhali ni vitenzi vinavyomwelekeza mtumiaji kutenda. Makala haya yanachunguza vitenzi vya uwanja mmoja mdogo, yaani shughuli ya kuweka matoleo mapya ya programu katika mfumo wa uendeshaji ulio huria. Mfano uliochaguliwa ni Debian, mfumo ulioasisiwa na Ian Murdock mnamo 1993, pamoja na Ubuntu, uliojengwa juu ya Debian na kutolewa mara ya kwanza Oktoba 2004. (Jina la huo wa pili ni ndugu wa neno letu utu, jambo ambalo Mswahili hahitaji kuelezwa mara mbili.)

Katika mifumo hii, programu hufungwa pamoja na maelezo yake katika kifurushi, na vifurushi huhifadhiwa katika maghala yaliyomo kwenye intaneti. Amri ya apt-get update haibadilishi programu hata moja. Kazi yake ni kuleta orodha mpya ya vilivyomo ghalani. Amri ya apt-get upgrade ndiyo inayochukua matoleo mapya na kuyaweka mahali pa yale ya zamani. Mtumiaji akitekeleza ya kwanza pekee, atabaki na programu zilezile, pamoja na kasoro zake za kiusalama, huku akiamini kwamba amekwisha kujikinga. Hapa ndipo tafsiri inapoweza kumponza mtu, kwa kuwa amri zote mbili huelezwa mara nyingi kwa kitenzi kimoja, kusasisha.

Kitenzi hicho kimeundwa vizuri. Kimetokana na kielezi sasa na kunyambuliwa kwa kiambishi cha usababishi, kama vile karibu ilivyozaa karibisha na haraka ikazaa harakisha. Kusasisha ni kukifanya kitu kiwe cha sasa, na maana hiyo inaiafiki orodha barabara. Kwa amri ya pili, baadhi hupendekeza kuboresha. Pendekezo hilo lina udhaifu: kuboresha ni ahadi. Toleo jipya ni jipya tu. Ubora wake huthibitishwa na matumizi. Aliyewahi kulinganisha nakala kadhaa za utenzi mmoja anafahamu kwamba nakala ya karibuni siyo lazima iwe ndiyo sahihi. Afadhali basi kusema kupandisha toleo, usemi unaoeleza lililotendeka bila kulisifu. Hivyo, mtumiaji angeambiwa: sasisha orodha, kisha pandisha matoleo.

Ipo amri ya tatu, apt-get dist-upgrade, ambayo inaruhusiwa kuongeza vifurushi vipya na hata kuondoa vya zamani ili matoleo mapya yapate nafasi. Kuiita kupandisha kwa jumla kunapendeza masikioni lakini kunaficha hatari yenyewe. Kupandisha hata kwa kuondoa ni kirefu na hakina mvuto. Hata hivyo ndicho kinachomtahadharisha msomaji. Vifurushi ambavyo amri ya pili huviacha kwa sababu vinahitaji mabadiliko ya aina hiyo vinaweza kuitwa vilivyosubirishwa.

Kiswahili kinakishinda Kiingereza katika suala la utegemeano. Kiingereza humwita yule anayetegemewa kwa nomino itokanayo na kutegemea, na mfasiri asiye makini huandika kitegemezi. Kwa Mswahili, tegemezi ni yule anayeegemea wengine, kama mtoto kwa mzazi. Maana imepinduliwa: msomaji atadhani kwamba akikiondoa kitegemezi hataathiri kingine, kumbe ameng'oa nguzo. Mnyambuliko wa kutendwa unatupa neno lililo wazi, kitegemewa. Programu iliyosakinishwa ni tegemezi. Maktaba ya msimbo inayoihudumia ni kitegemewa chake.

Sarufi nayo ina madai yake. Muhtasari uliozoeleka wa apt-get huorodhesha tarakimu na vitenzi bila kutaja nomino, na vitenzi vyenyewe havionyeshi njeo bayana. Kiswahili hakiruhusu uzembe huo. Kitenzi kinadai kiambishi cha nafsi kinachopatana na ngeli, kwa hiyo ngeli ya KI-VI ni lazima ijitokeze: kifurushi 1 kita-, vifurushi 3 vita-. Zana ya gettext, inayotumiwa kutafsiri programu nyingi huria, humwezesha mfasiri kutenga umoja na wingi, lakini tu pale mwandishi wa programu alipoiandaa sentensi yake kwa namna hiyo. Njeo ina uzito zaidi. Muhtasari huo huchapwa kabla ya kazi kufanyika, wakati mtumiaji bado ana nafasi ya kukataa. Anayeandika vimepandishwa anasema uongo, hata kama kamusi inamuunga mkono. Inayofaa ni vitapandishwa.

Kazi ya namna hii haianzii patupu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mnamo 2004, na ukathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba programu nzima ya ofisi. Hata hivyo, menyu za ofisi humsamehe anayebofya vibaya. Mfumo wa uendeshaji una maswali yasiyosamehe kwa urahisi. Kifurushi kinapopandishwa toleo na dpkg ikakuta faili ya mipangilio iliyohaririwa na mwenye tarakilishi, ilhali toleo jipya nalo limekuja na faili iliyobadilika, humuuliza kama aipokee hiyo mpya. Herufi Y hukubali, herufi N huibakiza ya zamani. Herufi hizo zimetiwa ndani ya programu yenyewe, hazifuati lugha ya ujumbe. Mswahili anayesoma swali lililotafsiriwa kwa ufasaha, akabonyeza N kwa maana ya ndiyo, atakuwa amekataa. Mfasiri hana uwezo wa kuibadilisha herufi, lakini anaweza kuandika sentensi nzima mbele yake: Y, weka faili mpya, N, bakiza faili yako. Neno ndiyo lisionekane popote katika swali hilo.