Behewa Lazima Liwe na Pa Kwenda: Mafunzo Niliyopata kwa Reli ya Chumbani

Chumba cha nyuma nyumbani kwangu Tanga kimejaa reli. Ni reli ya kipimo cha 1:87, inayoiga kipande cha njia ya Tanga hadi Moshi katika miaka ya 1950, wakati mkonge ukishuka bandarini kwa mabehewa ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Wageni huiita mchezo wa watoto, mpaka wakabidhiwe kadi na kuambiwa wapeleke behewa la mafuta ghalani bila kuizuia treni ya abiria. Hapo hukaa kimya.

1. Anza na mzigo, milima itafuata.
Wengi hutandika reli ya duara, wakaweka treni, ikazunguka. Baada ya wiki hamu imekwisha. Mimi niliuliza kwanza: nini kinashuka na nini kinapanda? Marobota ya mkonge yanashuka. Mafuta, mbolea na vipuri vya korona, yaani mashine za kuchakata mkonge, vinapanda, pamoja na abiria na vifurushi vyao. Majibu hayo ndiyo yaliyonichorea ramani: stesheni moja ya bara yenye njia ya kupishania, tawi la kwenda shambani, na ghala. Bandari yenyewe ni njia tatu tu zilizofichwa nyuma ya pazia. Treni ikipita pazia imefika Tanga, na hakuna mtu aliyewahi kulalamika kwamba haoni meli.

2. Upana wa reli ni hesabu, usikisie.
Njia ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ina upana wa mita moja. Gawanya kwa 87 upate milimita 11.5. Reli ndogo zinazouzwa kwa wingi zina milimita 16.5, ambazo kwa kipimo hicho ni milimita 1,435 za reli halisi. Ukizitumia umejenga reli ya kisasa ya SGR, si reli ya mkonge. Ukombozi wangu ulitoka Uswisi. Rhätische Bahn, reli ya milimani kule, nayo ni ya mita moja, na wapenzi wake hutengenezewa reli za milimita 12. Nusu milimita iliyozidi sijamwona mtu wa kuigundua kwa macho.

3. Njia ya kupishania ndiyo inayoamua urefu wa treni.
Behewa la mita 10 linakuwa sentimita 11.5. Njia yangu ya kupishania ina sentimita 120, kwa hiyo treni ni injini na mabehewa manane, basi. Stesheni halisi yenye njia ya mita 400 ingedai mita 4.6 mezani, na chumba changu chote hakifiki hapo. Lazima ufupishe. Fupisha majukwaa, fupisha umbali kati ya stesheni, lakini kona usizibane: mabehewa marefu huacha reli, na hilo halina dawa ya rangi wala ya majani.

4. Pwani ina sheria zake.
Vitabu vya Ulaya havizungumzii mchwa. Miguu ya meza yangu imesimama ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari, kama makabati ya bibi zetu. Mbao za unga wa mbao hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo tumia plaiwudi, uipake vanishi pande zote mbili kabla ya kutandika chochote. Reli nazo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hewa ya bahari huzitia utando, na injini huanza kusitasita. Kitambaa na spiriti vinatosha. Msasa usiutumie, kwa sababu hukwaruza, na uchafu hukaa kwenye mikwaruzo.
Udongo mwekundu nautoa Korogwe, nauchekecha kwa kipande cha chandarua, kisha napitisha sumaku juu yake. Chembe za chuma zikibaki, mota ya injini itazivuta. Na marobota ya mkonge? Nyuzi za mkonge wenyewe, zilizokatwa fupi.

5. Waya mbili haziwezi kulisha meza nzima.
Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme, maana hulegea. Kila baada ya mita moja hivi, lehemu waya za kulisha kutoka chini ya meza.

6. Ratiba ndiyo inayoigeuza kuwa reli.
Kila behewa langu lina kadi yake: lilipo, linakokwenda, limebeba nini. Wamarekani wametumia kadi hizi kwa miongo mingi. John Allen wa Monterey, California, aliyefariki mwaka 1973, anakumbukwa kwa mandhari ya reli yake ndogo, lakini wenzake walikuwa wakiiendesha kwa ratiba na saa iliyoharakishwa. Kwangu dakika tano za ukutani ni saa moja ya reli. Njia ni moja, kwa hiyo hakuna dereva anayeondoka stesheni bila pete ya shaba mkononi, na pete ni moja tu. Wapwa zangu waliopenda mwendo kasi sasa ndio wakali kuliko wote: “Mjomba, pete iko wapi? Huondoki!” Kwa maoni yangu, hapa ndipo raha yote ilipo. Milima iliyopakwa rangi vizuri huangaliwa mara moja, lakini behewa lililokwama nyuma ya jingine hukufikirisha jioni nzima.

7. Kama nafasi ni ubao mmoja tu, usisubiri nyumba kubwa.
Mwingereza Alan Wright alibuni mpango unaoitwa Inglenook Sidings: njia tatu fupi, moja ya mabehewa matano na mbili za mabehewa matatu matatu. Weka mabehewa manane, chomoa kadi tano bila kuchagua, kisha upange treni kwa mfuatano uliotoka. Mifuatano inayowezekana ni 6,720. Jenga huo kwanza.