Saa ya Mtafsiri na Ankara ya Mteja: Uteuzi wa Programu ya Kurekodi Muda

Makala haya yanachunguza jambo ambalo wahitimu wengi wa Kiswahili hulikabili mara tu wanapoacha kulipwa kwa ukurasa na kuanza kulipwa kwa saa: ni programu ipi ya kompyuta inayofaa kurekodi muda ambao mteja ataulipia? Aghalabu mjadala wa aina hii huanza na kuishia kwenye bei. Sisi tunashikilia kwamba bei ni swali la mwisho. Swali la kwanza ni la lugha: je, anachokiandika mtafsiri na anachokisoma mteja ni kitu kimoja?

Kiswahili hutenganisha muda na wakati. Muda una urefu. Wakati una mahali pake katika siku. Neno saa hubeba dhana zote mbili, na hapo ndipo utata unapozaliwa. Programu huhifadhi wakati wa kuanza na wakati wa kumaliza, kisha hukokotoa muda kwa kutoa. Mswahili naye huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, ilhali kompyuta huanza usiku wa manane. Tofauti baina yao ni saa sita kamili.

Nilipokuwa katika kikundi cha watafsiri watano, mwenzetu mmoja alisahau kubonyeza kitufe cha kuanzia. Baadaye akajaza mwenyewe kwamba alianza saa 3:00, kama alivyozoea kusema. Alipomaliza kazi alibonyeza kitufe, na kompyuta ikaandika 12:30. Kazi ilikuwa ya saa tatu na nusu. Programu ikahesabu saa tisa na nusu. Kwa malipo ya shilingi 1,500 kwa saa, ankara ilizidi kwa shilingi 9,000. Mteja hakusema tumekosea; alisema tumemwibia. Tulimweleza kwa barua asili ya kosa, akalipa kiasi sahihi, na hakutuletea kazi tena.

Huenda msomaji akapendekeza programu yenye sura ya Kiswahili. Hilo pekee halitoshi. Hazina ya CLDR ya shirika la Unicode, ambayo programu nyingi huitegemea kwa data ya lugha, ina maneno alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku kwa Kiswahili, lakini nambari ya saa hubaki ile inayohesabiwa kutoka usiku wa manane. Kinga iliyo bora ni programu inayoonyesha saa 24, na inayomruhusu mtumiaji kuandika muda peke yake, yaani 3:30, bila kulazimika kutaja alianza lini. Toggl Track na Kimai huruhusu hivyo.

Suala la pili ni vipande vya saa. Mawakili wa Marekani, ambao chama chao kilihimiza utunzaji wa kumbukumbu za saa katika kijitabu cha mwaka 1958, wamezoea kuigawa saa katika sehemu kumi za dakika sita sita. Wengine hupandisha kila kazi hadi robo saa. Tuchukulie kwamba mteja amepiga simu mara nne kwa siku, kila simu dakika nne. Muda halisi ni dakika 16, sawa na shilingi 400 kwa kiwango tulichokitaja. Ukipandisha kila simu hadi dakika sita, ni dakika 24 na shilingi 600. Ukipandisha hadi robo saa, ni saa nzima na shilingi 1,500. Hakuna aliyedanganya, ila mteja amelipa karibu mara nne. Kwa hiyo tuulize programu inapandisha wapi. Toggl Track hufanya hivyo katika ripoti, na dakika halisi husalia zilivyo. Kimai inaweza kupangwa ibadilishe rekodi yenyewe inapohifadhiwa. Kwa maoni yetu, dakika halisi zisiguswe kamwe. Mapatano na mteja yaonekane kwenye ripoti.

Kuna aina nyingine ya programu, nayo tunaipinga waziwazi: ile inayopiga picha za kioo cha kompyuta na kuhesabu mibonyezo ya vitufe. Mtafsiri anaweza kukaa dakika arubaini akipima kama neno fulani la kisheria lifasiriwe kwa istilahi ya Nairobi au ya Dodoma, na asibonyeze kitufe hata kimoja. Katika hesabu ya mashine hiyo, huo ni uvivu. Isitoshe, picha hizo hunasa nyaraka za mteja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, Namba 24 ya 2019, humtaka anayekusanya data za watu akusanye zile tu zinazohitajika kwa lengo lake.

Kuhusu ankara yenyewe, tusidanganyike na kitufe cha kutoa ankara ndani ya programu. Tangu Januari 2024, mfanyabiashara wa Kenya anayetaka gharama yake ikubaliwe katika hesabu za kodi huhitaji ankara ya kielektroniki, ila pale sheria inaposamehe. Basi mteja ataidai ya eTIMS. Kinachohitajika kutoka kwenye programu ni ripoti safi ya kuambatishwa.

Kikundi chetu kilijaribu programu mbili kwa wiki moja, kazi ikiwa ileile. Tulichagua Kimai, ambayo msimbo wake uko wazi na inaweza kuwekwa kwenye seva yetu wenyewe, tukazima upandishaji wa dakika. Mwenzetu aliyepatwa na kisa cha saa tatu ndiye aliyeandika mwongozo wa matumizi, na kanuni yake ya kwanza inahusu safu ya maelezo: asiandike mtu neno "kutafsiri" peke yake, bali ataje kurasa na alichokifanya, kwa mfano "kusawazisha istilahi, uk. 4 hadi 9, 1:20".