Kipoza Kitoke, Madabodi Ibaki Nzima

Kompyuta ya mezani ikianza kunguruma na kujizima katikati ya kazi, mara nyingi inadai kitu kimoja tu: kipoza kipya juu ya prosesa. Mashine za mtumba huwa zimeshatumika ofisini miaka mingi kabla hazijafika kwetu, na krimu ya joto iliyo chini ya kipoza imekauka na kuganda. Kipoza ni cha bei ndogo kuliko madabodi, na madabodi nyingi huharibiwa wakati wa kung'oa cha zamani. Kufunga kipya ndiyo kazi nyepesi.

1. Iwashe kwanza. Naam, kabla ya kuizima. Dakika chache za kazi hupasha krimu joto ikalainika. Hili ni muhimu zaidi kwa prosesa za AMD za soketi ya AM4, zikiwemo Ryzen za kuanzia 2017. Zina pini 1331 kwa chini, na ukivuta kipoza kwa pupa, prosesa hung'oka nacho hata kama mkono wa soketi umefungwa. Pini zikipinda hapo, umeongeza kazi. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, kisha zungusha kipoza kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi kimeachia. Ndipo unyanyue.

2. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa bodi, na urudie kila ukitoka kwenye kiti. Umeme tuli wa mwilini huua chipu bila moshi wala kelele. Pwani unyevu wa hewa unatusaidia. Dodoma au Nairobi wakati wa kiangazi, usijidanganye. Bodi usiilaze juu ya blanketi.

3. Jua kinachokishika kipoza kabla hujashika bisibisi. Vipoza vya kiwandani vya Intel, tangu soketi ya LGA 775 ya mwaka 2004, vina miguu minne ya plastiki: unazungusha kichwa cha kila mguu kufuata mshale uliochorwa juu yake, kisha unavuta juu. Vya skrubu hulegezwa kwa mshazari, mizunguko miwili mitatu kila kona. Ukimaliza kona moja yote kwanza, uzito wote unaegemea upande mmoja wa prosesa.

Balaa liko kwenye vibanio vya springi. Vile vya zamani vya Soketi A na Soketi 370 vilikutaka usukume ncha ya bisibisi bapa kuelekea kwenye bodi kwa nguvu zako zote, na bisibisi ikiteleza, inatua kwenye njia nyembamba za shaba. Mashine hizo bado zipo, na vibanio vya aina hiyo havijatoweka kabisa. Dawa yake ni rahisi: weka kadi ngumu, hata jalada la daftari, kuzunguka soketi, tumia bisibisi inayojaa kwenye tundu lake, na usisukume ukiwa umesimama vibaya. Kibanio kikigoma, pumzika. Hasira ndiyo inayotelezesha mkono.

4. Kipoza kidogo cha chipu ya pili kwenye bodi kina tabia zake. Mara nyingi kimeshikwa na pini mbili za springi, na ncha zake hubanwa kutoka nyuma, kwa hiyo bodi lazima itoke kwenye kasha. Usijaribu kuzichokonoa kwa juu. Kama kimegundishwa, usipenyeze bisibisi chini yake. Hapo ndipo njia za shaba zilipojazana, na chipu isiyo na kifuniko humeguka kona ukikiinamisha. Jaribu kukizungusha polepole kikiwa na joto. Kikikataa, mimi ningekiacha na kuelekeza feni ndogo juu yake.

5. Kama prosesa haina haja ya kutoka, usifungue soketi. Kwenye Intel za sasa, na kwenye AMD tangu AM5 ya mwaka 2022, pini ziko upande wa bodi: ni laini, na skrubu moja ikidondoka humo inatosha kuizika bodi.

6. Futa krimu ya zamani kwa kitambaa na spiriti, bila kisu. Mpya weka kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Zile za metali ya kimiminika waachie wenye uzoefu: zinapitisha umeme, na galiamu iliyomo inakula alumini.

7. Umeteleza tayari? Usiwashe "kuona kama bado inafanya kazi". Piga picha ya karibu kwa simu, uikuze. Kama kilichochubuka ni rangi ya juu tu, huenda una bahati. Kama shaba imekatika, pima kwa mita. Fundi mwenye mkono mtulivu hukwangua rangi pande mbili za mkato na kuunga waya mwembamba kwa risasi. Lakini njia zilizochorwa kwa mawimbi kati ya prosesa na memori zimepimwa urefu ili ishara zifike pamoja, na kiraka hapo hakitabiriki. Kuna pia tabaka za ndani ambazo huzifikii. Kipande kidogo kikibanduka, kitafute sakafuni, kifunge kwenye karatasi, mpelekee fundi pamoja na bodi. Na umwambie ukweli. "Ilizima yenyewe" itampotezea siku nzima akitafuta hitilafu mahali isipo.

8. Usijaribu mashine bila kipoza, hata kwa sekunde. Athlon za mwaka 2000 na 2001 ziliungua hivyo kabla mtu hajanyoosha mkono kuzima. Za leo hujizima, lakini hakuna haja ya kuzijaribu. Chomeka waya wa feni palipoandikwa CPU_FAN, la sivyo bodi nyingi hukataa kuendelea kuwaka. Kisha ingia kwenye BIOS uangalie joto. Likipanda haraka kuelekea nyuzi 90 wakati hakuna kazi yoyote, zima na uchungulie nyuma ya bodi: huenda kuna mguu mmoja wa plastiki haukupenya.