KWA NINI DAWA ILIYOTIBU KUKU WAKO MWAKA JANA SASA HAITIBU?

Ndugu mfugaji, wengi mnaniuliza, "Afisa, hii dawa siku hizi imechakachuliwa?" Inawezekana, lakini mara nyingi dawa ni ileile. Waliobadilika ni bakteria.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitengeneza sinia kubwa la urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Pembeni hawakuweka dawa. Kila ukielekea katikati dawa inaongezeka hatua kwa hatua, hadi mara 1,000. Kisha wakaweka bakteria aina ya E. koli pembeni.

Bakteria hawa wanaogelea kufuata chakula. Wakifika penye dawa wanakwama, ila mmoja aliyebadilika anapita, anazaana, na kizazi chake kinasonga hadi hatua inayofuata. Ndani ya siku 11 hivi walikuwa katikati kabisa, kwenye dawa kali kuliko zote. Dawa hafifu ndiyo iliyowapa ngazi ya kupandia.

Sasa angalia bandani. Unapima OTC kwa macho, kuku wanachangamka siku ya pili, unaacha. Kuku mgonjwa naye hanywi maji vizuri, anapata dawa kidogo. Hapo umejenga ngazi ileile. Mbolea mbichi inabeba bakteria hao hadi kwenye mchicha, mvua inawapeleka kisimani. Na bakteria hupeana vinasaba vya usugu, hata wa aina tofauti. Kwa hiyo usugu ulioanzia kwa kuku unaweza kuishia kwa mtoto wako.

Fanya hivi:

1. Usitibu kwa kubahatisha. Mdondo ni kirusi, antibayotiki haiutibu. Chanja.
2. Pima dawa kwa uzito wa kuku kama lebo inavyosema, na maliza siku zote. Usipunguze, usizidishe.
3. Kuku asiyekunywa mtenge, mwite mtaalamu wa mifugo.
4. Usiuze mayai wala nyama kabla siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo hazijaisha.
5. Mbolea irundike, ifunike na uigeuze mpaka iive. Joto la lundo huua bakteria wengi. Iweke mbali na kisima.
6. Badilisha maranda yaliyolowa na osha vyombo vya maji kila siku. Banda kavu linapunguza magonjwa, na dawa utanunua mara chache.