Shamba la Mwanamke Mshunami

Somo kuu: 2 Wafalme 8:1-6
Masomo ya kusaidia: Hesabu 27:1-11, Yeremia 32:6-15, Mithali 31:8-9



Mwanamke Mshunami wengi tunamjua kwa sura ya nne: kile chumba cha juu alichomjengea Elisha, na mtoto wake aliyefufuliwa. Sura ya nane huwa tunaipita mbio. Humo Elisha anamwambia aondoke na jamaa yake yote, kwa sababu njaa ya miaka saba inakuja. Anaondoka, anakaa nchi ya Wafilisti. Miaka saba ikiisha anarudi nyumbani, na anakuta nyumba na shamba haviko tena mkononi mwake. Sasa afanye nini? Anaenda moja kwa moja kwa mfalme.

Alipokuwa kwa Wafilisti, leo tungemwita mkimbizi, kwa sababu alikuwa amevuka mpaka. Lakini aliporudi Israeli, akawa katika nchi yake bila nyumba na bila shamba, hali yake ilikuwa sawa na ya wale tunaowaita wakimbizi wa ndani. Hao ni watu waliong'olewa makwao na vita, mafuriko au hata mradi mkubwa wa maendeleo, lakini hawajatoka nje ya nchi yao. Shikeni tofauti hiyo. Mkimbizi wa ndani hajapoteza uraia. Serikali yake ni ile ile, kura yake ni ile ile. Anapodai alichopoteza, anadai kwa wake.

HALI YETU HAPA

Nakuru haihitaji kusimuliwa habari hizi. Mwaka 1992 na tena 1997 watu walifukuzwa Molo, Olenguruone, Njoro na kwingineko. Kisha ikaja 2007/2008. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na takriban 600,000 wakakimbia makwao. Uwanja wa Maonyesho wa hapa Nakuru na uwanja wa Afraha ikawa miji ya mahema. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la KAG Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu ndani, wengi wao akina mama na watoto waliokimbilia humo wakijua ni nyumba ya Mungu. Na tusidanganyane kwamba kabila moja ndilo lililolia. Wakikuyu, Wakisii, Waluo, Waluhya na Wakalenjin, kila jamii ina watu waliolala nje mwaka ule.

Na si siasa peke yake. Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku, likaua watu zaidi ya 40 na kufagia nyumba. Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu. Maziwa ya Naivasha, Nakuru na Baringo yamepanda na kumeza mashamba, shule na mitaa.

Mei 2008 serikali ilianzisha Operesheni Rudi Nyumbani. Familia ilipewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha, na waliochomewa nyumba shilingi 25,000. Wengine walirudi. Wengine hawakuthubutu, kwa sababu jirani aliyewafukuza bado alikuwa pale pale. Kuna waliochanga zile elfu kumi kumi wakanunua ardhi pamoja, kama kule Mai Mahiu.

Lakini kuna kundi ambalo hesabu ilikuwa vigumu kulifikia: wale ambao hawakuingia kambini. Walienda kwa shangazi, kwa dada, au wakapanga chumba kimoja mjini. Serikali iliwaita wakimbizi waliotangamana na jamii. Mwaka 2013, familia zilizokuwa bado kambini zilipewa shilingi 400,000 kila moja. Wengi wa waliotangamana hawakuiona. Hao ndio tulio nao hapa Kiamunyi na kando ya barabara hii ya Ravine. Wengine ni washirika wetu, wanaimba kwaya, wanatoa zaka, na hakuna aliyewahi kuwauliza shamba lao liko wapi.

Tumtazame Mshunami kwa mambo matatu.

1. ALIDAI HAKI

Mama huyu hakwenda kwa mfalme kuomba unga. Alilia kwa ajili ya nyumba yake na shamba lake. Hapa kanisa tunahitaji kujifunza. Sisi ni wepesi wa kubeba unga, blanketi na mafuta ya kupikia, na Mungu atubariki kwa hilo. Lakini mtu akishapata unga tunaona kazi imeisha. Na wengine tunasema, "Si hao walishapewa pesa?" Nataka tuhesabu kidogo. Tuseme mtu aliacha ekari mbili za mahindi, na kila ekari ilimpa magunia 15 kwa mwaka. Kwa miaka kumi hayo ni magunia 300. Weka kando ya shilingi 10,000, halafu uniambie kama deni limelipwa.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 39, inasema kila raia anaweza kuishi popote Kenya. Kifungu cha 40 kinalinda mali yake. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria Namba 56, ya kuwakinga, kuwalinda na kuwasaidia wakimbizi wa ndani. Sheria hiyo inafuata Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, na inataja njia tatu za suluhisho la kudumu: kurudi ulikotoka, kubaki na kujenga maisha ulipo sasa, au kuhamia sehemu nyingine ya nchi. Mwenye kuchagua ni wewe, kwa hiari yako na baada ya kuelezwa ukweli. Kwa hiyo mtu asikulazimishe kurudi mahali unapoogopa. Na ukichagua kubaki hapa, hujasema kwamba shamba la kule si lako tena.

2. ALIKUWA NA SHAHIDI

Mama anafika, anamkuta Gehazi akimsimulia mfalme habari zake. Gehazi anasema: bwana wangu mfalme, ndiye huyu, na mwanawe ndiye huyu. Kile kilikuwa kitambulisho chake. Bila shahidi, angekuwa mwanamke mmoja tu anayepiga kelele mlangoni.

Wengi waliokimbia waliacha hati zikaungua pamoja na nyumba. Hati ikipotea, haki haijapotea. Rekodi ya shamba hukaa kwenye ofisi ya ardhi ya eneo lile. Ukiwa na namba ya shamba unaweza kuomba kupekuliwa rekodi, uone limeandikwa kwa jina la nani leo. Ukihitaji hati mpya, utatoa taarifa polisi, utakula kiapo mbele ya wakili, na tangazo litawekwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 60 kabla hujapewa. Kama mwenye shamba alishalala, watoto wafungue kesi ya urithi. Akina mama na mabinti, msinyamaze ati kwa sababu hati ina jina la mwanamume. Someni mabinti wa Selofehadi katika Hesabu 27. Walisimama mbele ya Musa na mkutano wote, na Mungu akasema wanasema kweli.

Kuna jambo la tatu la kisheria ambalo watu wengi hawalijui. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu aliyekalia shamba la mwingine kwa miaka 12, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, kwenda mahakamani na kudai liandikwe jina lake. Toka 2008 hesabu wewe mwenyewe. Sisemi kwamba shamba limeenda. Namna ulivyotolewa ni jambo ambalo mahakama inaweza kulisikiliza. Ninasema usikae ukingoja. Mwone wakili. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa Nakuru. Asiye na uwezo, kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2016. Na kabla ya kumuuzia mtu shamba kwa bei ya kutupa kwa sababu umechoka, kwanza ulizia bei ya pale leo.

3. ALIRUDISHIWA PAMOJA NA MAZAO

Mfalme alimteua ofisa mmoja kushughulikia jambo hili. Hakusema, "Nimesikia mama, tutaangalia." Akaagiza arudishiwe vyote, pamoja na mapato ya shamba tangu siku aliyoondoka mpaka siku ile. Mfalme mwenyewe hakuwa mcha Mungu wa kusifiwa, lakini siku ile alitenda haki, na Biblia ikaandika.

Hapa lazima niseme neno gumu. Kati yetu anaweza kuwepo mtu anayelima shamba la aliyekimbia, au aliyenunua ploti akijua muuzaji si mwenyewe. Ndugu yangu, nimekuwa nikifikiri tutaiitaje hiyo sadaka ya shukrani ya mavuno. Zakayo alipookoka hakusema tu ameokoka. Alitaja mali na namna atakavyoirudisha. Njoo tuzungumze, kwa siri ukitaka. Mlango uko wazi.

Na kwa wewe uliyefukuzwa: kusamehe na kudai haki havipigani. Unaweza kumsamehe jirani yako moyoni, kweli kabisa, na bado ukaenda ofisi ya ardhi Jumatatu asubuhi. Mshunami hakumlaani mtu yeyote. Alieleza shida yake, mfalme akamsikia.

LA KUFANYA

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya maombi ya asubuhi, tutakutana ukumbini. Njoo na karatasi yoyote uliyo nayo: kitambulisho cha zamani, risiti ya kodi ya ardhi, barua ya chifu, kadi ya kambi, hata picha ya nyumba. Kama huna chochote, njoo na jina la mzee anayekujua kutoka kule. Tutaandika orodha, kisha tutawaomba washirika wetu mawakili watuonyeshe kila mmoja aanzie wapi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Katika kikundi chenu, nani alihamia Kiamunyi kwa sababu alifukuzwa au maji yalimtoa? Mmewahi kumsikiliza?
2. Gehazi alikuwa shahidi. Wewe unajua ukweli gani kuhusu ardhi ya mtu ambao umeunyamazia?
3. Je, kumpa mtu msaada kunaweza kutufanya tusahau haki yake? Toeni mfano.

MAOMBI

Baba, unawajua waliolala nje katika nchi yao wenyewe. Wape ujasiri wa Mshunami. Sisi utufanye mashahidi wa kweli, na walio na mamlaka uwape moyo wa kutenda upesi. Linda uchaguzi wetu na vijiji vyetu, asikimbie mtu tena. Katika jina la Yesu, Amina.