Swali na Jibu: Bati Linavuja Penye Misumari

SWALI: Paa letu la mabati hapa Mangobo, Kisangani, linalia jua likiwaka na linavuja penye misumari mvua ikinyesha. Je, tubadilishe lote?

JIBU: Mama, usitoe pesa ya paa zima kabla ya kulikagua. Kisangani iko karibu na ikweta: asubuhi jua kali, alasiri mvua. Bati hutanuka likipata joto, hunywea likipoa. Mlio unaousikia ni wa kutanuka na kunywea huko. Mwendo huo wa kila siku hulegeza misumari na kupasua mipira yake.

Mpe fundi siku kavu, hasa Januari au Februari, mvua zinapopungua. Akanyage juu ya mbao zinazoshika bati, kamwe si katikati. Msumari uliolegea aung'oe, apige mnene zaidi wenye kofia na mpira mpya. Msumari ukae kwenye mgongo wa bati. Ukipigwa bondeni, maji yanapita hapo hapo.

Kisha fagia majani, maana yakilala na unyevu hula zinki, na kutu huanza. Kutu ya juu juu isuguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe rangi ya kuzuia kutu. Bati lililotoboka au linalobonyea kwa kidole libadilishwe peke yake.

Ingia darini pia: mbao zikiwa zimeoza, msumari mpya hautashika. Anzeni na mbao, Mama, ndipo mnunue misumari.