SOMO: TAJI KICHWANI PA MAMA KIMPA VITA



Wengi wakiona picha ya zamani ya Mama Kimpa Vita wa Kongo wanauliza: huyu alikuwa malkia? Kichwani ana taji, mwilini amejifunga nguo kama mtu mkubwa. Tuitazame vizuri, maana anayeisoma vibaya atamgeuza nabii kuwa mtawala.

Anayetajwa kuwa mchoraji ni Padri Bernardo da Gallo, Mkapusini, mmoja wa wale waliotaka mafundisho ya Mama yazimwe. Hakuchora ili kumsifu. Hata hivyo, taji hakuificha.

Taji ile si ya dhahabu. Kimpa Vita na wafuasi wake walivaa taji za ganda la mti wa nsanda, mti uliowapa wazee wao nguo. Naye alifundisha kwamba asili ya watu weusi ni mti huo. Sisi wa Maniema hatuhitaji maelezo marefu. Kwa Warega, kule Pangi, kofia ya Bwami haivaliwi na kila mtu. Ukiiona unajua cheo cha mwenyewe bila kuuliza. Wakubwa wa Kongo nao walikuwa na kofia yao, mpu.

Sasa fikirini. Tangu vita ya Mbwila, mwaka 1665, alipouawa mfalme António I, jamaa za kifalme waliuana kwa ajili ya kiti. Mwaka 1678 Mbanza Kongo, mji mkuu, ukaachwa ukiwa. Ndipo mwaka 1704 anatokea binti wa miaka 20 hivi, mwenye taji ya ganda la mti! Kiti hakukitaka. Aliwaita wafalme warudi mjini, waache vita.

Na utakatifu uko wapi? Alisema Mtakatifu Antonio amemwingia kichwani. Antonio wa Wareno huchorwa katika kanzu ya mtawa, amembeba Mtoto Yesu, bila taji. Huyu wa Kongo anayo. Sisi twaona taji imekaa pale pale alipoingia mtakatifu. Someni pia Mathayo 27:29, mwone taji nyingine isiyo ya dhahabu.

Tarehe 2 Julai 1706 Mama alichomwa moto Evululu, kwa hukumu ya baraza la Pedro IV. Mwaka 1709 mfalme huyo aliuteka Mbanza Kongo, mji ambao Mama alikuwa ameujaza watu tena.